Lethi kwanza, milingi baadaye: msomaji wa Ohio anataka karakana ya bunduki gerejini

Shikamoo Mzee wa Karakana,

Mimi ni mwenyeji wa Mwanza, naishi karibu na Columbus, Ohio, na karatasi zangu ni za ukaazi wa kudumu. Ufundi mitambo nilisomea VETA. Hapa nipo kiwandani kwenye mashine za kompyuta: natia chuma, nabonyeza kitufe, natoa chuma. Mshahara si mbaya, lakini mkono umeanza kusahau kazi.

Wenzangu wa kazini walinifundisha kuwinda kulungu, nikanogewa. Nikanunua raifoli mbili za mtumba, na moja mtutu wake umekwisha. Fundi bunduki wa mji huu ananiambia nisubiri zamu yangu hadi mwakani. Nikajiuliza, mimi si mkereza? Kwa nini nisubiri?

Nimeweka akiba dola 6,000. Mke wangu amenikubalia nusu ya gereji. Nusu nyingine ni ya gari lake, na hilo halina mjadala. Mbele yangu kuna haya. Kuna mashine mpya ya tatu kwa moja, yaani lethi (inayozungusha chuma kikikatwa), milingi (inayozungusha kisu juu ya chuma) na drili juu ya kitanda kimoja. Kuna mzee kazini anauza lethi ya South Bend ya inchi 9, kitanda cha futi 3, kwa dola 1,400, na ameitunza kama mboni ya jicho. Kuna lethi mpya ya inchi 12 kwa 36, yaani unene wa chuma inachoweza kuzungusha kwa urefu wake, ambayo itameza karibu pesa yote. Halafu kuna kiwanda kinafungwa, wanauza milingi ya Bridgeport kwa dola 2,500. Shemeji yangu ananipigia simu kila jioni: "Chukua hiyo Bridgeport, bei kama hiyo hairudi, lethi utaipata tu."

Marafiki kadhaa nao wameshasema wataniletea bunduki zao. Na siku nikirudi nyumbani ningependa niondoke na mashine zote, nikafungue karakana ya silaha Mwanza. Nishauri, Mzee, kabla sijatoa pesa.

Msomaji wako, Ohio


Marahaba, mwanangu.

Shemeji yako ana jicho la biashara, lakini hiyo kazi unayotaka kuifanya haijui. Kama pesa inatosha mashine moja tu, nunua lethi. Na kati ya ulizozitaja, nenda kwenye ya 12 kwa 36, au tafuta ya mtumba yenye kichwa kinacholingana nayo. Milingi itakuja baadaye, na huenda mwaka mzima ukapita hujaihitaji. Sehemu kubwa ya kazi za fundi bunduki, kama kusafisha, kubadilisha springi, kufunga darubini na kukalisha kitako cha mbao vizuri, hufanyika mezani kwa bisibisi, tupa na subira. Mashine inakuja pale panapohusika mtutu, na mtutu ni kazi ya lethi.

Watu wengi hununua lethi kwa kuangalia urefu wa kitanda. Wewe anza na tundu la spindeli, yaani ule mhimili unaozunguka ndani ya kichwa cha mashine. Mtutu mbichi wa raifoli ya kuwindia huwa na unene wa kama inchi 1.2 upande wa nyuma, na urefu wa inchi 20 na kitu. Tundu ndani ya mtutu halikai katikati kamili ya chuma cha nje. Drili ndefu kiasi kile lazima ipotee kidogo njiani. Kwa hiyo ukiubana mtutu kwa kishikio cha taya tatu na kuanza kukata, unakata kwa kufuata ngozi ya nje, ilhali risasi hupita ndani. Fundi huupitisha mtutu wote ndani ya kichwa cha mashine. Mbele anaushika kwa taya nne, kila taya inasogezwa peke yake. Nyuma, pale unapochungulia upande wa pili wa kichwa, anaushika kwa skrubu nne zenye ncha za shaba. Kisha anaingiza geji ya mshale ndani ya tundu la mtutu, anazungusha spindeli kwa mkono, analegeza hapa, anakaza pale, mpaka mshale unaacha kucheza. Hiyo inaweza kumaliza saa nzima kabla chembe moja ya chuma haijadondoka.

Sasa fanya hesabu. Lethi nyingi za 12 kwa 36 zinazouzwa Marekani siku hizi zina tundu la milimita 40 hivi, yaani inchi 1.57. Mtutu unapita na nafasi inabaki ya kuusogeza. South Bend ya inchi 9 ina tundu la robo tatu ya inchi. Hapo mtutu haupiti kabisa. Utaniambia, basi nitaufunga kati ya senta mbili, zile ncha zinazoshika chuma huku na huku, nje ya kichwa. Kitanda cha futi 3 kinakuachia kama inchi 17 tu kati ya senta, na mtutu wako una zaidi ya hizo. Ile ni mashine nzuri, na kama ungekuwa unachonga bushi na pini ningekwambia ilipie leo jioni. Kwa kazi hii imekosa pande zote mbili. Mwachie mzee wa watu apate mteja wa saizi yake.

Kipimo cha pili ni urefu wa kichwa chenyewe, na hiki wauzaji wengi hata hawakiandiki. Kichwa kikiwa kirefu kuliko mtutu, ule upande wa nyuma unaishia ndani ambako skrubu zako nne hazifiki. Kwa hiyo nenda na futi kamba. Pima kutoka uso wa kile kishikio cha taya hadi mwisho wa spindeli upande wa pili, ulinganishe na mtutu mfupi kabisa unaotarajia kuushika. Kampuni ya Grizzly wana lethi ya 12 kwa 36 wanayoiuza kwa jina kabisa la lethi ya fundi bunduki, na hizo skrubu za nyuma inakuja nazo. Kwa mashine nyingine utazitengeneza mwenyewe, ni kazi nzuri ya kwanza ya kuifahamu mashine.

Tatu, angalia namna kishikio kinavyofungwa kwenye spindeli. Lethi za zamani, ile South Bend ikiwemo, hufungwa kwa hesi: unakisokota kama kifuniko. Mpya zina pini zinazokazwa kwa funguo pembeni, mtindo unaoitwa D1-4 au D1-5. Tofauti yake utaiona siku ya kukata hesi. Mtutu wa Remington 700 una hesi 16 kwa inchi, wa Mauser 98 una 12 kwa inchi. Hii ni nchi ya inchi. Ukinunua mashine ambayo skrubu yake ndefu, ile inayosukuma kigari kilichobeba kisu, ni ya milimita, huwezi kufungua nati ya nusu inayokiunganisha nayo katikati ya kazi na kuirudisha mahali pake kirahisi. Inabidi uiache imebana na kurudisha kigari kwa kuzungusha mota kinyume. Na mota ikizunguka kinyume, kishikio cha hesi kinaweza kulegea na kutoka. Hicho ni chuma cha kilo nyingi kinachozunguka mbele ya kifua chako. Kwa hiyo chukua skrubu ndefu ya inchi, na kishikio cha pini. Spidi ya chini iwe mizunguko 70 kwa dakika au pungufu, maana hesi ya mtutu inaishia kwenye bega na mkono lazima uwahi kusimamisha.

Tatu kwa moja nitaimaliza kwa mistari miwili. Kila ukihama kutoka kukereza kwenda milingi unabomoa mpangilio uliouhangaikia, na ile nguzo ya milingi hutetemeka ikigusa chuma kigumu. Achana nayo.

Kabla hujalipia mpya, lakini, kumbuka uko wapi. Ohio na majimbo ya karibu nayo ndiko lethi nyingi za Marekani zilikotengenezwa: LeBlond ilikuwa Cincinnati, Monarch iko Sidney, South Bend ni hapo Indiana, Clausing Kalamazoo, Logan Chicago. Viwanda vinafungwa na mashine zinatoka. South Bend ile kubwa ya inchi 10, wanayoiita nzito, ina tundu la inchi 1 na 3/8. Na baadhi ya Clausing zina kiasi hichohicho. Mtutu wa kuwindia unapita, ingawa kwa kubanana. Ukienda kuitazama ya mtumba, usihangaike na rangi. Sogeza kigari karibu na kichwa cha mashine, kwani hapo ndipo kazi nyingi hufanyika na reli huliwa. Kaza kufuli la kigari hadi uhisi kinagoma kidogo, halafu kisukume kuelekea mkiani. Kikikwama njiani ujue reli imelika upande wa mbele na huku nyuma bado ni nzima. Weka geji kwenye spindeli, inua kwa kipande cha mbao, uone mshale unaruka kiasi gani. Zungusha kwa kasi ya juu dakika kumi na uweke kiganja juu ya beringi. Moto wa wastani sawa. Moto wa kukurudisha mkono, ondoka. Kisha mwombe muuzaji akate hesi mbele yako. Akianza visingizio, unayo bei mpya ya kumtajia.

Pesa yako usiimalize kwenye mashine. Hapa ndipo vijana wengi hukwama: lethi imefika, imeng'aa, na hakuna hata kisu cha kukatia. Kishikio cha taya nne, geji mbili za mshale, moja ikiwa ya kusoma sehemu moja ya elfu kumi ya inchi, maikromita, kishika visu cha kubadilisha haraka, visu vyenyewe, mafuta, drili, senta inayozunguka. Mimi ningetenga theluthi moja ya dola 6,000 kwa hayo na nisingejuta. Mashine mpya nyingi huja na vishikio viwili na nguzo za kuegemeza chuma kirefu, basi soma orodha vizuri kabla ya kununua mara mbili.

Sasa Bridgeport. Nakuelewa, ile milingi ina mvuto. Ilianza kutengenezwa 1938 katika mji wa Bridgeport, Connecticut, na kila fundi wa Marekani ameishika. Uzito wake ni karibu tani moja. Kimo chake kinakaribia au kuzidi futi 7, na mlango wa gereji ya kawaida una futi 7. Watu hukipindua kile kichwa kichwa-chini ili ipite. Nyingi zina mota ya fezi tatu, na nyumba yako ina fezi moja, kwa hiyo utahitaji kifaa cha kugeuza umeme. Si ghali kwa mota ndogo, lakini ni cha kukihesabu. Winchi, lori, mtu wa kushusha, jiliwa nzuri, kola za R8 za kushikia visu, visu vyenyewe. Dola 2,500 za shemeji zitafika 4,000 kabla hujachonga kitu, na lethi bado huna. Na hapo umesimama na mtutu mkononi, maana milingi haikerezi mtutu.

Kazi ya milingi kwenye bunduki ipo: kutoboa na kutia hesi matundu ya kufungia darubini yakiwa kwenye mstari mmoja, kukata mifereji ya kufungia vilengeo, kusawazisha uso wa kipande. Siku utakapoona kazi hizo zinarudi kila wiki, tafuta milingi ya mezani yenye nguzo ya mraba, zile za kilo 300 hivi. Ya nguzo ya duara usiichukue, maana ukiinua au kushusha kichwa kinazunguka na unapoteza mahali ulipokuwa. Ukishindwa kabisa kujizuia na Bridgeport, angalau kaijaribu meza yake: zungusha mkono wa meza mbele, kisha nyuma, uone unazunguka kiasi gani kabla meza haijaanza kusogea, katikati na pembeni. Katikati ndiko kunakochakaa.

Gari la mke wako sasa. Simtetei wala simpingi, lakini gari likiingia Januari limejaa theluji na chumvi ya barabarani. Theluji inayeyuka, mvuke unapanda, na unakilowesha chuma chako cha baridi usiku kucha. Asubuhi reli ina rangi ya chai. Weka pazia zito la plastiki katikati, paka reli mafuta kila ukimaliza kazi, na upande wako uwe na joto la umeme dogo lisilozimwa. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi usiitumie, inamwaga mvuke wa maji hewani, na hewa yake si salama kwako pia.

Usalama mengine unayajua tangu VETA: glavu hapana, pete hapana, funguo ya kishikio haiachwi mahali pake hata kwa sekunde. Hili moja huenda hukulikuta huko: chuma kirefu chembamba kikitokeza nyuma ya spindeli bila kushikwa, kikizunguka kwa kasi kinapinda ghafla na kuanza kuchapa kila kilichopo. Ndiyo sababu nyingine ya zile skrubu nne.

Nije kwenye marafiki wako na bunduki zao, maana hapa nina wasiwasi kuliko hata kwenye lethi. Bunduki yako mwenyewe, kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, huhitaji leseni kuibadilishia mtutu. Kukarabati za watu kama biashara kunahitaji leseni ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Ile ya muuzaji na mkarabati, namba 01, ni dola 200 kwa miaka 3 ya kwanza, kisha dola 90 kila inapofanywa upya. Sheria inamwacha anayetengeneza mara mojamoja, lakini "mara mojamoja" yako na "mara mojamoja" ya mkaguzi zinaweza kutofautiana. Ukipata leseni, bunduki ya mteja ikilala kwako lazima iandikwe daftarini, na mji wenu uwe unaruhusu biashara hiyo nyumbani. Piga simu ofisi ya mipango miji kwanza; wengi hukwama hapo hata kabla ya ATF.

Wewe una ukaazi wa kudumu, kwa hiyo kumiliki bunduki unaruhusiwa kama hakuna kizuizi kingine. Lakini bado hujawa raia, na kosa la silaha ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumwondoa mkaazi wa kudumu nchini. Na wasomaji wengine wanaotusoma, mlio kwa viza ya masomo, ya kazi au ya matembezi: sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenu hata kuishika bunduki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya kuwinda. Asiye na karatasi asiguse kabisa. Katika hili muoneni mwanasheria wa uhamiaji, msinitegemee mimi.

Tena, kukereza unajua, lakini kutengeneza chemba ya raifoli, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni somo jingine. Risasi ya .308 Winchester inaruhusiwa kufika shinikizo la 62,000 psi (pauni kwa inchi ya mraba), na shavu lako liko sentimita chache kutoka hapo. Kuna vyuo vinavyofundisha, kama Trinidad State huko Colorado na Murray State huko Oklahoma, na kozi fupi za kiangazi hupatikana pia. Mtutu wa kwanza ufunge mbele ya mtu aliyefunga mingi, na geji za chemba zinunue kabla ya kisu cha chemba. Pengine yule fundi wa mji wenu mwenye foleni anahitaji mkereza wa Jumamosi. Kamuulize. Utajifunza chini ya leseni yake na utajua kama kazi hii unaipenda kweli.

Kuhusu Mwanza, lethi na milingi zinasafiri kwenye kontena kama mashine nyingine yoyote. Angalia mota tu: umeme wa Marekani ni hezi 60, wa nyumbani ni 50. Mota ya fezi moja iliyotengenezwa kwa 60 pekee itazunguka polepole zaidi, kama sehemu 5 za 6, na itapata moto. Kwa hiyo kama unafikiria kweli kurudi, tafuta lethi yenye mota ya fezi tatu na uiendeshe kwa kile kifaa cha kugeuza umeme. Ukifika unanunua kingine cha volti 230 na mota inabaki ileile. Vipande vya bunduki ni habari nyingine. Mtutu, mitambo, hata kile ulichokichonga kwa mkono wako, kuvitoa Marekani kwa kawaida kunahitaji kibali cha kusafirisha nje, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, inayotaka leseni kwa anayetengeneza au kukarabati silaha. Usitie hata kimoja kati ya masufuria na magodoro kwenye hilo kontena. Kabla ya kufunga mzigo, mtume ndugu akaulize polisi Mwanza masharti ya karakana ya silaha yakoje, akupe majibu kwa maandishi.

Mzee wa Karakana